Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Mazoezi ya Bastola kwa Kupimwa Muda na Kubadili Magazini

Ndugu Wanachama,

Katiba yetu inamtaka mwenyekiti asimame mbele yenu mara moja kwa mwaka aeleze kilichofanyika, kilichoshindikana na kinachopendekezwa. Hesabu za fedha atazisoma Mhazini, na masuala ya kuhuisha leseni Katibu ameyaandika katika karatasi mliyogawiwa mlangoni. Kwa hiyo nitatumia karibu muda wangu wote kwa jambo moja lililotawala mwaka wetu na kutuletea ubishi mwingi, nalo ni mazoezi ya bastola kwa kupimwa muda, pamoja na kubadili magazini, yaani kile kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini wa bastola, katikati ya zoezi.

Mtakumbuka tulikotoka. Kwa miaka mingi tulisimama mita 15 kutoka kwenye karatasi, tukapiga risasi tano taratibu, tukaenda kuhesabu matundu, kisha tukarudi chini ya mbuyu kusimuliana nani mkono wake haujatetemeka. Mazoezi hayo si mabaya, na anayeanza lazima apite huko. Hata hivyo, wengi wetu tuliomba leseni kwa sababu ya kujilinda: mwenye duka anayefunga usiku na kutembea na mauzo ya siku, mfugaji ambaye nyumba yake iko mbali na majirani upande wa Bahi au Chamwino, mkandarasi anayesafiri na mishahara ya vibarua. Mtu wa namna hiyo hatapewa nafasi ya kuvuta pumzi mara tatu kabla ya kulenga. Kamati iliona si haki kumwacha aamini kwamba anaijua bastola yake kwa sababu tu anatoboa karatasi akiwa ametulia.

Ndipo tulipopata kipima muda. Kwa wale ambao hawajakishika, ni kifaa kidogo cha kuvaa kiunoni chenye maikrofoni ndani yake. Msimamizi akikibonyeza, hakilii papo hapo, bali hukaa kimya kwa sekunde chache zisizotabirika, halafu kinatoa mlio, na tangu hapo kinarekodi sauti ya kila risasi pamoja na muda uliopita kati ya moja na nyingine. Mwezi wa kwanza kilituchekesha. Mwanachama mmoja alishangilia matokeo ambayo hata bingwa angeyaonea wivu, kumbe kifaa kilikuwa kimehesabu na risasi za jirani yake wa mstari wa pili. Tangu siku ile, anayepimwa anapiga peke yake na wengine wote wanasubiri nyuma ya kamba, na unyeti wa maikrofoni unarekebishwa kabla ya kuanza. Jambo hili limerefusha siku zetu za mazoezi, na nawaomba radhi wale wanaotoka mbali, lakini sioni njia nyingine.

Baada ya kicheko, kifaa kilianza kutusuta. Kilionyesha kwamba tofauti kati yetu haikuwa katika kufyatua. Kijana na mzee walikaribiana sana katika risasi mbili za mwanzo. Tofauti ilikuwa katika ule ukimya wa katikati, bastola inapokuwa tupu na mkono wa kushoto unahangaika kiunoni kutafuta magazini ya pili. Mimi mwenyewe, ambaye nimemiliki bastola kwa muda mrefu kuliko wengi wenu, nilitumia sekunde sita na ushei kubadili magazini mara ya kwanza. Niliitoa ikiwa imegeukia nyuma, nikaisukuma ikagoma, nikaitazama, nikaigeuza, na wakati huo wote mdomo wa bastola ulikuwa umeinamia chini kama kichwa cha mtu aliyesinzia. Sekunde sita ni nyingi. Mtu mzima anayekimbia anavuka uwanja wetu wote kwa muda huo.

Tulilazimika kujifunza upya, tena kwa vipande. Magazini ya akiba hukaa upande wa mkono usiofyatua, risasi zikiwa zimeelekea mbele. Mkono ukiifuata, kiganja kinafunika kitako chake na kidole cha shahada kinalala mbele yake hadi ncha ya kidole iguse risasi ya juu. Mguso huo ndio unaoujulisha mkono, bila msaada wa macho, kwamba magazini imekaa sawa. Bastola haishushwi kiunoni. Inavutwa karibu na kifua, juu kidogo, mdomo ukiendelea kuelekea shabaha, na tundu la kupokelea magazini linainamishwa kuufuata mkono unaokuja. Kidole gumba cha kulia kinabonyeza kitufe, magazini tupu inaanguka yenyewe, na macho yanalitazama tundu kwa nukta moja tu. Magazini mpya inasukumwa kwa kiganja hadi iingie yote, slaidi, yaani sehemu ya juu ya bastola inayokwenda nyuma na mbele, inaachiwa, na mikono inarudi kushika. Kidole cha kufyatulia kinakuwa kimenyooka ubavuni mwa bastola tangu mwanzo hadi mwisho wa shughuli hiyo.

Sentensi hii ya mwisho inanilazimu kueleza tukio la mwezi wa saba, ambalo baadhi yenu mmelisikia kwa maneno ya mitaani. Mwanachama mmoja, akiwa katika haraka ya kushindana na kipima muda, aliachia slaidi huku kidole chake kikiwa tayari ndani ya kilinzi cha kifyatulio. Risasi ilitoka na kupiga udongo hatua mbili mbele ya miguu yake. Hakuna aliyeumia, kwa sababu mdomo wa bastola ulikuwa umeelekea upande wa tuta la kuzuia risasi na watu wote walikuwa nyuma ya kamba. Kamati ilisimamisha mazoezi yote ya muda kwa majuma sita, na hakuna mtu, mimi nikiwemo, aliyeruhusiwa kurudi bila kubadili magazini mara 20 mfululizo kwa risasi bandia, mbele ya msimamizi, taratibu, bila kosa la kidole. Wapo waliolalamika kwamba tunawafanya watoto wadogo. Ningesimamisha tena kesho.

Kuhusu aina ya zoezi, tulijadiliana sana. Wengi walitaka zoezi maarufu linaloitwa El Presidente, alilolibuni Jeff Cooper wa Marekani, yule aliyekuwa rais wa kwanza wa shirikisho la kimataifa la upigaji shabaha wa vitendo, IPSC, lilipoundwa mwaka 1976. Mpigaji anaanza akiwa ameupa mgongo uwanja, mikono juu. Mlio ukisikika anageuka, anachomoa bastola, anapiga shabaha tatu risasi mbili mbili, anabadili magazini, kisha anazirudia zote tatu. Umbali ni yadi 10, yaani kama mita tisa, na kipimo cha zamani cha mtu hodari ni sekunde 10. Ni zoezi zuri na lina mvuto wake, lakini linakula risasi 12 kwa mara moja, na ndani ya risasi hizo 12 magazini inabadilishwa mara moja tu. Kwa bei ya risasi mnayoijua, niliona tunanunua kelele. Tuliamua zoezi letu la kawaida liwe la risasi nne: mbili, kubadili magazini, mbili, kwa shabaha moja iliyo mita saba. Kila magazini inajazwa risasi mbili tu, ili bastola iishiwe yenyewe na slaidi ibaki wazi nyuma, na mpigaji azoee kuitambua hali hiyo kwa mkono. Kwa risasi zile zile 12 anapata nafasi tatu za kubadili badala ya moja. El Presidente tumeibakiza kwa siku ya mwisho ya robo mwaka, kwa wanaoipenda na waliojinunulia risasi zao.

Tumepanga pia jinsi ya kuhesabu. Risasi iliyotoka nje ya duara la katikati inaongezewa sekunde moja, na iliyokosa karatasi kabisa inafuta zoezi zima hata kama muda ulikuwa wa ajabu. Msimamo wangu hapa ni mkali kwa sababu risasi iliyokosa shabaha mtaani haipotei hewani, bali inaingia ukutani kwa mtu.

Swali lililorudi katika kila kikao liliulizwa na mzee mmoja ambaye busara yake naiheshimu: "Mwenyekiti, ni nani kati yetu atakayehitaji magazini ya pili njiani?" Jibu la kweli ni kwamba huenda asiwepo. Anayejilinda kwa kawaida hupiga risasi chache, na mara nyingi hapigi kabisa. Hata hivyo, magazini ni miongoni mwa sehemu za bastola zinazosumbua mara nyingi, na dawa ya magazini mbovu ni kuitoa na kuweka nyingine; mikono ni ile ile. Isitoshe, anayebadili magazini bila kuchanganyikiwa ameonyesha kwamba anajua bastola yake iko katika hali gani wakati moyo unamwenda mbio, na huo ndio ujuzi ninaoutaka kwa mtu anayepita na silaha sokoni Majengo. Mzee hakuridhika sana, ila siku hizi anabadili magazini vizuri kuliko mimi.

Hoja yake, hata hivyo, ilitufungua macho kwa hatari nyingine. Mtu aliyezoeshwa kufyatua kila anaposikia mlio anaweza kujenga mazoea mabaya. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, katika kifungu cha 18 na vile vinavyokifuata hadi 18C, inatambua haki ya kujilinda, lakini 18B inaruhusu nguvu ya kiasi kinachohitajika tu, na anayesababisha kifo kwa kuzidisha nguvu anakuwa na hatia ya kuua bila kukusudia. Kwa sababu hiyo, tangu mwezi wa tisa, msimamizi anageuza karatasi baada ya mlio. Upande mmoja pamechorwa mtu mwenye silaha, upande wa pili mtu aliyeinua mikono mitupu. Siku ya kwanza zaidi ya mmoja wetu aliwapiga watu wa mikono mitupu kwa kasi ya kupendeza. Ukimya ulitanda uwanjani, na ilikuwa vyema uwe hivyo.

Vumbi la Dodoma nalo limetufunza. Miezi ya kiangazi, upepo ukivuma, magazini inayoangushwa chini inainuka na udongo mwekundu mdomoni, na siku inayofuata springi inasuasua. Aliyepaka mafuta mengi ndani ya magazini ndiye aliyesumbuka zaidi, kwa kuwa mafuta hushika mchanga. Ndani pakaushwe kwa kitambaa, na turubai litandikwe mahali pa kuangushia. Kila mmoja aandike namba kwenye magazini zake kwa rangi ili ile yenye ugonjwa ijulikane, na magazini za mazoezi zisiwe zile za kubebea. Wenye bastola za silinda, ambazo hazina magazini, tumewaandalia utaratibu wao, ambao Katibu ataueleza.

Kwa mwaka ujao Kamati inapendekeza mambo mawili. Kwanza, mazoezi ya nyumbani bila risasi, dakika 10, mara tatu kwa juma, kwa risasi bandia, risasi halisi zikiwa zimefungiwa chumba kingine, na bastola ikiwa imekaguliwa mara mbili kwa macho na kwa kidole. Pili, hakuna mwanachama mpya atakayepimwa muda kabla ya kufaulu zoezi la risasi nne bila kipima muda, kwa vikao vitatu mfululizo. Nawakumbusha pia kwamba Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, Na. 2 ya mwaka 2015, haitambui kisingizio cha "nilikuwa natoka mazoezini". Leseni itembee na mwenye silaha, na silaha iendayo au itokayo mazoezini isafiri ikiwa tupu.

Zoezi la kwanza litafanyika mvua zitakapopungua na barabara ya kwenda uwanjani ikipitika. Kila mmoja aje na magazini zisizopungua mbili, zikiwa na namba, na kinga ya masikio iliyo yake mwenyewe, kwa sababu zile za chama ni chache na nyingine zimepasuka.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti
Dodoma