Barua kwa Zuhura

Clarkston, Georgia, Marekani
9 Novemba

Mdogo wangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii imekukuta mzima, wewe na watoto. Mimi sijambo, na safari hii ukiona nimeandika sijambo, uamini.

Najua utashangaa kupata karatasi zama hizi za WhatsApp. Simu yako ina masikio mengi. Watoto wanaichezea, Mama anaisikiliza, na sauti yangu ikishatoka kwenye spika hapo barazani, Ngamiani nzima imenisikia. Mtu anayekuja likizo ndiye aliyeibeba. Nimemwambia akupe mkononi mwako, na kama umekwenda sokoni akungoje.

Unajua nafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee. Kuna bibi mmoja macho yamekwisha, usingizi haumpati. Nikimaliza kuwageuza wenzake na kubadilisha mashuka, ananiita nimsomee. Mwanzo ilikuwa Biblia. Mwezi wa saba akatoa chini ya mto kitabu kilichochakaa, jalada limeshikizwa kwa gundi: The Color Purple. Aliyekiandika, Alice Walker, alizaliwa mwaka 1944 huko Eatonton, humu humu Georgia, mtoto wa mwisho kati ya wanane, wazazi wake wakilima mashamba ya watu kwa kugawana mavuno. Kilitoka mwaka 1982, na mwaka uliofuata kikampatia tuzo ya Pulitzer, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata kwa riwaya. Bibi hayo ya tuzo hana habari nayo. Anachojua ni kwamba mle ndani watu wanasema kama alivyosema mama yake.

Na hapo ndipo tulipogombana usiku wa kwanza. Mimi nikawa nasoma kwa Kiingereza changu cha darasani, nikikuta neno limekaa vibaya nalinyoosha. Bibi akanikatisha: soma kama lilivyo. Celie, mwenye hadithi yake, anaandika kama anavyoongea. Mbele huko kuna binti anamletea vitabu vya shule amfundishe kusema sawasawa. Celie anajaribu, anaona fikra zake zinajikwaa, anaacha. Anasema ni mpumbavu tu atakayetaka useme namna ambayo akili yako yenyewe inaiona ngeni. Nikakukumbuka uko darasa la nne, umechapwa kwa kuchanganya Kibondei, ukakaa kimya muhula mzima. Nyumbani tukasema umekuwa na adabu.

Celie ana miaka 14 mtu anayemwita baba anapoanza kumwingilia. Kisha anaambiwa asimwambie yeyote ila Mungu, la sivyo habari hiyo itamuua mama yake. Mtoto yule anatii neno kwa neno: anaanza kumwandikia Mungu barua. Anazaa watoto wawili, wanachukuliwa. Anaozwa kwa mjane mwenye watoto wanne, Albert, ambaye kwa kweli alimtaka mdogo wake, Nettie. Celie anatolewa kama fungu lililobaki jioni sokoni, na ng'ombe juu yake kama nyongeza. Siku ya harusi mtoto wa kambo anampasua kichwa kwa jiwe. Akipigwa na mumewe anajiambia: Celie, wewe ni mti. Ndiyo maana, anasema, najua miti inaogopa watu.

Nilipofika hapo Bibi alikuwa ameshalala kitambo. Niliendelea kusoma peke yangu, kwa sauti.

Lakini sikukuandikia kwa ajili ya mti. Nimekuandikia kwa ajili ya Sofia. Yule mtoto wa jiwe, Harpo, anakua, anaoa mwanamke mkubwa wa mwili, haburuzwi na mtu. Harpo anataka mke amtii, anakuja kumuuliza Celie afanyeje. Na Celie, Zuhura, Celie huyo huyo mwenye makovu, anamwambia ampige. Baada ya hapo usingizi unamkimbia zaidi ya mwezi. Sofia anakuja kujua. Anamrudishia mapazia aliyopewa, na uzi wake, na dola moja juu kwa kuyatumia.

Nikafunga kitabu, nikatoka nikasimama uani kwenye baridi bila koti. Maana wewe ulinirudishia laki moja yangu, na ya kutolea juu yake.

Siku ile ya kikao kwa Mjomba, Muheza, ulikuja na begi la bluu, mtoto mgongoni, mdomo umevimba. Wazee wakazunguka weee, mara faini ya mbuzi, mara mumeo aombe radhi mbele ya watu. Hakuna aliyetamka kwamba Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Ilikuwepo tangu hatujazaliwa, nami nimekuja kuijua huku ukubwani. Mwisho Mama akasema, tumsikilize dada yake, ndiye aliyesoma. Nikasema arudi. Nikasema funika kombe mwanaharamu apite. Nikakugeukia nikakwambia mbele yao kwamba mdomo wako ndio unaokuponza. Ulinitazama tu, hukulia.

Unakumbuka sikuvua baibui siku hiyo hata jikoni, na joto lile la Februari? Mama alinisifu kwa stara. Mikono yangu miwili ilikuwa na alama za mkanda toka kwenye kiwiko mpaka begani. Siku tatu tu zilikuwa zimepita. Talaka yangu mliambiwa imetokana na safari ya Marekani, nami nikaacha mwamini hivyo.

Sofia anapomuuliza Celie kwa nini alisema vile, Celie anajibu kwamba ni mjinga, na kwamba alimwonea wivu, kwa kuwa Sofia anaweza jambo ambalo yeye haliwezi: kupigana. Nimetafuta jibu langu mwenyewe tangu mwezi wa saba, sijapata la kweli kuliko hilo. Ulitoka na begi lako mchana kweupe, kijiji kinaona, na mimi sikuwa na ubavu hata wa kutoka usiku.

Wao wawili wanaishia kucheka. Mapazia yale yamechanika, wanayakata viraka washone mfarishi.

Wanaokipenda kitabu hiki hupenda zaidi pale mezani, Celie anapomwambia Albert mbele ya watu wote kwamba anaondoka, na baadaye anapomlaani kwamba kila atakachogusa kitaharibika mpaka amtendee haki. Panasisimua kweli, Bibi alipiga makofi kitandani hadi muuguzi wa zamu akaja. Mimi naona alianza kupona kabla ya hapo, kidogo kidogo. Mwimbaji Shug Avery, hawara wa Albert, ndiye anayemsikiliza, na ndiye anayegundua kuwa miaka yote hiyo Albert alikuwa anaficha barua za Nettie sandukuni. (Sasa umejua kwa nini hii imekuja kwa mkono.) Celie anataka kumchinja kwa wembe wa kunyolea. Shug anamwambia washone suruali. Basi wakawa wanashona na kusoma barua, sindano mkononi mahali pa wembe, na suruali hizo ndizo zilizokuja kuwa riziki yake huko Memphis. Na barua zake zikaacha kwenda kwa Mungu, zikaanza kwenda kwa Nettie. Amepata wa kumwandikia ambaye naye anaweza kumwuliza swali.

Mwishoni Albert anakaa naye barazani anashona mashati, wamekuwa marafiki wa uzeeni. Hapo nimegoma. Bibi anasema nitaelewa nikizeeka. Labda. Kwa sasa aliyekuwa shemeji yako asije kushona kitu barazani kwangu.

Lile doti la kanga ulilomtuma mtoto aniletee kituo cha basi siku naondoka, pamoja na hasira zako zote, sikuwahi kulikata. Limekaa sandukuni miaka sita, Japo sipati tamaa sikati, limenuka dawa ya nondo. Juzi nimelilaza mezani nikalikata katikati. Kipande kimoja nimekipinda kwa mkono, mshono umekwenda kombo kama njia ya ng'ombe, ungeuona ungecheka. Cha pili kimo kwenye mfuko pamoja na barua hii, sijakipinda. Mwenye cherehani ni wewe. Ukitaka kukirudisha, kirudishe, nitapokea. Pesa safari hii sikutumi.

Mama usimsomee. Yake nitamwandikia mbali, bado natafuta pa kuanzia.

Dada yako,
Mwanaidi