Shukrani kwa Dada Aliyeturudishia Daftari la Mama

Familia yetu inatoa shukrani za dhati kwa dada aliyeliokota daftari la marehemu mama yetu ndani ya basi la kutoka Moshi kwenda Arusha, akalifikisha katika ofisi ya usharika bila kuacha jina wala namba ya simu. Mama, aliyefundisha kwaya za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) huku akitulea, aliandika humo kwa penseli nota za sol-fa za sauti zote nne na, pembeni, tarehe za kuzaliwa za wajukuu wake. Nakala nyingine haikuwepo. Dada yetu, kwaya iliziimba nyimbo hizo katika ibada ya mazishi, nasi tunakuomba sana uwe pamoja nasi siku ya kuweka msalaba. Mchungaji atakuelekeza nyumbani.