Goti la mwenye chukudu

Mheshimiwa Mhariri,

Picha za Goma zinazosambaa duniani ni za moshi wa volkano ya Nyiragongo na za wakimbizi, nami sikatai, kwani nyumba yetu ilimezwa na lava ya Januari 2002. Lakini juzi nilimwona mwenye chukudu (ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, ya kubebea mizigo) akipumzika kando ya barabara, na pale anapoegemeza goti amepigilia kipande cha kandambili, kimelika hata kuacha umbo la goti lenyewe. Nilipokipiga picha kwa simu, alicheka akauliza kama nimekosa la kupiga. Chukudu ina sanamu yake ya rangi ya dhahabu mjini; kandambili ile haimo. Wapiga picha wetu vijana wanakimbilia harusi (ndiko kwenye pesa, siwalaumu), basi naomba gazeti lenu liwatengee nafasi ya picha za namna hii, walau moja kwa juma.

Msomaji wenu,
Goma