Barua ya wazi kwa Rais wa Yanga: mtuambie mapema kocha ameletwa kufanya nini

Kwa Rais wa Young Africans Sports Club,
Mhandisi Hersi Said,
Makao Makuu, Jangwani,
Dar es Salaam.

Mheshimiwa Rais, salaam.

Nakuandikia mimi mwanachama wa kawaida, siku hizi za Oktoba 2025 ambazo klabu imemtangaza Pedro Gonçalves kuwa kocha wetu mkuu. Nimeamua kuandika hadharani kwa kuwa jambo lenyewe si la faragha. Kila kijiwe cha Wananchi, yaani sisi watu wa Yanga, kinalizungumza. Tangu picha yake ya kwanza itoke, hukumu zimeshaanza. Huyu anasema anaonekana mtu mzima, ametulia, anajua kazi. Yule anasema ni mpole mno, presha ya Uwanja wa Mkapa itamla. Wapo waliokwisha kumpa ubingwa wa Afrika, na wapo wanaohesabu wiki atakazodumu. Na bado hatujaiona timu yake ikicheza.

Siwalaumu mashabiki wenzangu. Shabiki popote alipo humkagua kocha mpya kwa jicho la namna hii, na sisi wa Yanga tuna sababu ya ziada: ndani ya mwaka mmoja tumetambulishiwa makocha wanne. Sead Ramovic Novemba 2024, Miloud Hamdi Februari 2025, Romain Folz katikati ya 2025, na sasa Pedro. Mtu akitambulishiwa wageni kwa kasi hiyo hujifunza kukata shauri haraka.

Ombi langu ni moja. Kila mnapomtambulisha kocha, mtuambie wazi ameletwa kufanya nini, amepewa muda gani, na timu mliyomkabidhi ina mapengo gani. Mkinyamaza, tunampima kwa kile tulichonacho mkononi, yaani sura, umri, mavazi na maneno ya siku ya kwanza.

Nianze na Folz, maana kidonda bado kibichi. Alikuja akiwa na miaka 35, na umri huo ndio uliokuwa habari kabla hajaweka koni ya kwanza uwanjani. Ukichukua matokeo yake na kuyaandika kwenye karatasi, utashangaa kwa nini kibarua chake kiliota nyasi mapema vile. Alianza kwa kumfunga Simba 1-0 na kuchukua Ngao ya Jamii, goli la Pacome Zouzoua. Akaenda Angola akampiga Wiliete 3-0, akarudi nyumbani akampiga tena 2-0. Pamba Jiji akala 3. Mbeya City wakatubana 0-0 pale Sokoine. Kisha Lilongwe, Silver Strikers ya Malawi wakatufunga 1-0, na siku ileile, Oktoba 18, safari yake ikaishia hapo. Katika mechi zote hizo timu iliruhusu goli moja tu.

Lakini sisi tuliokuwa tunaangalia tuliona kitu ambacho karatasi haikisemi. Mpira ulikuwa unakwenda kwa beki Dickson Job, unahamia kwa beki mwenzake Bacca, unarudi kwa kipa Diarra, unaanza upya. Kati palikuwa pazito. Washambuliaji walikuwa wanashuka kuufuata mpira badala ya kupelekewa. Hata tuliposhinda, watu walitoka uwanjani wakiwa wamenuna, na waliotushangaa walikuwa hawajui tulichokuwa tunakiogopa. Yanga hii imezoeshwa mpira wa kumkimbiza mpinzani mpaka achoke. Jicho la shabiki halikukosea pale, na Lilongwe ilithibitisha.

Sasa nikupeleke kwenye kibanda umiza kimoja huku Mbagala, siku ya mechi ya Mbeya City, uone nilichokiona. Watu wamebanana kwenye mabenchi, feni moja haizunguki, na kila kamera ikimwonyesha kocha, kelele zinapanda. Kwamba hashtuki. Kwamba ameweka mikono mfukoni kama mtu anayesubiri daladala. Kwamba Miguel Gamondi, kocha wetu kabla ya Ramovic, dakika hiyo angekuwa ameshamvaa mwamuzi wa akiba. Kwenye benchi la nyuma alikuwepo mzee mmoja, naye alikuwa anaeleza taratibu kabisa kwamba viungo wetu wanapokea mpira wakiwa wamegeukia goli letu, ndiyo maana hatufiki mbele. Maelezo yaliyokwenda shule. Hakuna aliyemsikiliza, kwa sababu mjadala ulikuwa umeshahamia kwenye mikono ya kocha na mfuko wa suruali yake.

Hapo ndipo lilipo tatizo, Mheshimiwa Rais, na hapo ndipo uongozi una nafasi. Hoja ya mpira na hoja ya muonekano zilisafiri pamoja, na ile ya muonekano ndiyo iliyopaza sauti. Ingekuwa klabu imetueleza Julai kwamba tumeondokewa na Stephane Aziz Ki aliyekwenda Wydad, tumeondokewa na Khalid Aucho aliyekwenda Singida Black Stars, kwamba safu ya kati inajengwa upya na kocha huyu kijana ameletwa kwa kazi hiyo, basi mzee wa benchi la nyuma angekuwa na wasikilizaji. Tungejua tutazame wapi. Na kama kazi ile ilikuwa inashindikana, tungeiona inashindikana, na siku ya kuachana naye ingekuwa na maelezo ambayo kila mwanachama anayaelewa. Sipingi kwamba mliachana naye. Mechi ya marudiano ilikuwa wiki moja mbele, na Patrick Mabedi akaiongoza timu kama kocha wa muda ikashinda 2-0, Job na Pacome wakafunga, tukaingia makundi ya Ligi ya Mabingwa. Ninachosema ni kwamba kocha anayefuata akitazama yaliyompata Folz anaona jambo moja tu: kelele za jukwaani zilipanda, na mtu akaondoka. Sababu zenu, hata kama zilikuwa nzuri, hazikusikika.

Vijiweni watu wanapenda kusema nyota njema huonekana asubuhi. Kwa makocha wa Yanga, msemo huo umetudanganya mara nyingi.

Nasreddine Nabi alifika Aprili 2021. Asubuhi yake ilikuwa na mawingu matupu. Alianza kwa kufungwa na Azam 1-0. Julai akamfunga Simba kwenye ligi kwa goli la Zawadi Mauya, lakini wiki chache baadaye Simba hao hao wakatunyang'anya Kombe la Shirikisho la Azam pale Kigoma. Septemba, Rivers United ya Nigeria wakatutoa Ligi ya Mabingwa katika hatua ya awali, nyumbani 1-0, ugenini 1-0, goli letu hakuna. Kumbuka mitaa ilivyokuwa wiki ile. Wewe ulikuwa karibu na timu, unajua. Siku chache baadaye Fiston Mayele akamfunga Simba kwenye Ngao ya Jamii, na kuanzia hapo msimu mzima wa ligi ukaisha bila kupoteza mechi. Mechi 49 za ligi bila kufungwa, mpaka Ihefu walipotusimamisha Novemba 2022. Mwaka uliofuata tukacheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, tukashinda 1-0 Algiers dhidi ya USM Alger na kulikosa kombe kwa kanuni ya goli la ugenini tu. Jina la utani la Profesa, Nabi hakupewa siku aliyoshuka uwanja wa ndege. Alilipata baada ya watu kumvumilia Septemba ile.

Gamondi naye, ambaye leo tunamtaja kama kipimo cha kila kitu, taji la kwanza alilogombea alilikosa: Ngao ya Jamii ya 2023 pale Tanga, Simba kwa penalti. Miezi mitatu baadaye tukawafunga 5-1. Msimu huohuo tukaingia makundi ya Ligi ya Mabingwa kwa mara ya kwanza tangu 1998, na Mamelodi Sundowns wakatutoa robo fainali kwa penalti, baada ya goli la Aziz Ki kukataliwa, goli ambalo mpaka leo nasema lilivuka mstari.

Ramovic alianza kwa kufungwa 2-0 nyumbani na Al Hilal ya Sudan, iliyokuwa chini ya kocha Ibenge, akaenda Algiers akafungwa 2-0 na MC Alger. Kisha timu ikawaka, watu wakaimba gusa achia twende kwao kila kona ya mji, na tulipokwisha kumpenda akaondoka mwenyewe kwenda Belouizdad ya Algeria. Hamdi aliyemfuata hakupokewa kwa shangwe. Mechi yake ya kwanza, na JKT Tanzania, iliisha 0-0. Akaondoka akiwa ametuachia ubingwa wa 31 wa ligi, Kombe la Shirikisho la CRDB, na ushindi wa 2-0 dhidi ya Simba wa Juni 25. Hamdi ndiye anayenifanya nifikiri zaidi. Hakuwa na mbwembwe, hakuwa na maneno ya kuchekesha, na sidhani kama kuna kijana aliyechora sura yake ukutani. Alifanya kazi aliyopewa.

Sasa tumempata Pedro. Kwa anayefuatilia mpira wa Afrika, si mgeni. Aliwapeleka vijana wa Angola chini ya miaka 17 Kombe la Dunia 2019, akapandishwa kwenye timu ya wakubwa, akakaa nayo miaka sita. AFCON ya 2023 Angola waliongoza kundi lililokuwa na Algeria, Burkina Faso na Mauritania, wakaifunga Namibia 3-0, na wakatolewa na Nigeria kwa goli moja robo fainali. Mwaka 2024 akachukua Kombe la COSAFA, la nchi za kusini mwa Afrika. Agosti 2025 tumemwona jirani kabisa, Nairobi kwenye CHAN, mashindano ya timu za taifa za wachezaji wa ligi za ndani, ambako Angola hawakuvuka kundi. Hilo nalo lisemwe, tusiletewe wasifu uliopakwa mafuta upande mmoja.

Ninachokisoma kwenye safari hiyo ni mtu wa kujenga taratibu, aliyekua na wachezaji kutoka utotoni mwao. Ni sifa nzuri, ila inahitaji kuelezwa kwa watu wetu, maana kazi ya klabu ni nyingine. Kocha wa taifa huita wachezaji, akakaa nao siku chache, wakacheza, wakatawanyika. Kocha wa Yanga anacheza Jumatano, anasafiri Alhamisi, Jumapili yuko kwenye kiwanja ambacho mpira unaruka ovyo na mpinzani amepaki basi, na Jumanne anatafuta pasi ya kusafiria. Ukimwambia mtu wa namna hiyo alete mpira wa kuvutia ndani ya mechi tatu, unamwomba kitu ambacho hata Nabi hakukileta.

Mimi wiki zake za mwanzo nitatazama mambo machache. Tukipoteza mpira, inatuchukua muda gani kumzunguka aliyetunyang'anya? Pacome anapokea akiwa amelitazama goli au amelipa mgongo? Maxi Nzengeli ana mtu wa kugongeana naye, au anakimbia peke yake mpaka kwenye kibendera? Mchezaji anayeingia dakika ya 60 anajua alichotumwa? Hayo yanaweza kuonekana mapema hata matokeo yakisuasua, na yasipoonekana mpaka Januari, nami nitakuwa wa kwanza kuuliza. Suti yake hainihusu.

Sisemi muonekano wa kocha hauna maana kabisa. Kocha anayewasalimia watu wanaokuja mazoezini, anayekubali kosa lake mbele ya waandishi badala ya kumtupia kijana wa miaka 20, anayemtaja mpinzani kwa heshima, huyo anajinunulia subira. Basi msaidieni. Mpeni mtafsiri anayeujua mpira, kwa sababu kinachotufikia sisi ni vipande vya sekunde 30 kwenye simu, na kipande kikikatwa vibaya kinamaliza mtu. Mpitisheni matawini. Sio kwa gwaride na vuvuzela. Mleteni aketi, aulizwe maswali na wazee walioiona Yanga ya 1998, ajibu. Mtu uliyeongea naye uso kwa uso huwezi kumhukumu kwa mikono mfukoni.

Jambo la mwisho ni kuhusu ahadi. Siku za kutambulisha makocha maneno yanakuwa makubwa sana: nusu fainali, fainali, mpira wa kiwango cha Ulaya. Tunashangilia kwa sababu tunaipenda klabu, halafu maneno yale yale ndiyo tunayomchapia kocha, wakati pengine si yeye aliyeyasema. Tupunguziwe. Kama lengo la mwaka huu Afrika ni kuvuka makundi, semeni kuvuka makundi. Kama ni kukijenga kikosi kwa ajili ya msimu ujao, semeni, tutabishana, wengine watakasirika, lakini tutakuwa tunabishana kuhusu kitu kinachoeleweka.

Hatua ya makundi inaanza Novemba hii ya 2025. Nakuomba kabla ya mechi ya kwanza klabu itoe taarifa, hata ya ukurasa mmoja, yenye majibu ya maswali yale matatu: kocha ameletwa kufanya nini, amepewa muda gani, na kikosi kina mapengo gani. Itieni saini, ibandikwe Jangwani na itumwe kwenye kila tawi. Sisi wa Mbagala tutaisoma pamoja na tutawaletea maoni yetu kwa maandishi.

Wako katika klabu,
Mwanachama,
Mbagala, Dar es Salaam.