Viwanja vya AFCON 2027: mtumiaji, maji na nyasi

Mhariri,

Inapotajwa AFCON 2027, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, mazungumzo yetu Tanzania, Kenya na Uganda, nchi zitakazoliandaa, huishia kwenye idadi ya viti na tarehe ya makabidhiano. Tunaomba nafasi tuyaseme yale yatakayoamua kama viwanja hivi vitajiendesha au vitageuka mzigo kwa walipa kodi.

La kwanza ni mtumiaji wa kudumu. Uwanja wa Olimpiki wa London wa 2012 ulikuwa na viti 80,000. Vya kudumu vilikuwa 25,000 tu katika ngazi ya chini, na 55,000 vya juu viliundwa ili viweze kufunguliwa na kuondolewa. Ni wazo zuri sana, lakini uwanja ulichorwa kwa ajili ya riadha, kisha baada ya michezo ukapewa klabu ya soka ya West Ham. Paa likabidi lijengwe upya, viti vya chini vikafanywa vya kusogezwa juu ya njia za wakimbiaji, na gharama ya marekebisho hayo peke yake ikapita pauni milioni 300. Kwa hiyo tunataka kuiona, kwa maandishi, ratiba ya miaka kumi ya kila uwanja: timu gani itacheza pale, na nani atalipa bili.

Maji ndiyo yanayotutia hofu zaidi. Eneo la kuchezea la mita 105 kwa 68 lina mita za mraba 7,140. Nyasi za jamii ya ukoka wakati wa jua kali huhitaji takriban milimita 5 za maji kwa siku, sawa na lita 35,700. Paa la mita za mraba 20,000 likinyeshewa milimita 20 tu hukusanya lita 400,000; hata ukipoteza asilimia 20, unabaki na maji ya siku tisa. Milimita moja ya kwanza baada ya kiangazi, yaani lita 20,000 zenye vumbi na kinyesi cha ndege, imwagwe nje. Tusidanganyane lakini: kiangazi cha siku 120 kinadai zaidi ya lita milioni 4, na tangi la ukubwa huo ni ghali. Busara ni tangi la lita milioni moja, linalotosha wiki nne, likisaidiwa na kisima na maji ya mabafu yaliyosafishwa. Kwa Arusha, maji ya visima vingi yana floridi nyingi, madini yanayodhuru meno na mifupa yakizidi. Yapelekwe kwenye nyasi na vyoo, na mabomba yake yasiungane kabisa na ya kunywa.

Chini ya nyasi kuna jambo ambalo halionekani siku ya uzinduzi. Mpangilio wa kawaida ni mchanga wa milimita 300 juu ya kokoto za milimita 100, na mabomba yenye matundu kila mita 5 hivi. Mkandarasi akileta mchanga wa mtoni usiooshwa, udongo mfinyanzi uliomo huziba nafasi kati ya chembe, maji husimama na mizizi huoza. Kila shehena ipimwe kwa chekeche kabla ya kumwagwa, kwani baada ya hapo tiba ni kufumua kiwanja chote.

Paa nalo huua nyasi. Mwezi Juni jua la saa sita mchana Arusha huwa limeinama kaskazini kwa takriban nyuzi 27 kutoka utosini. Ukingo wa paa ulio mita 30 juu hutupa kivuli cha mita 15 kuelekea kusini. Goli la kaskazini likianguka ndani ya kivuli hicho, litabaki na upara. Kurudisha nyuma ukingo wa paa, au kuweka mabati yanayopitisha mwanga upande huo, ni rahisi kwenye mchoro.

Kuhusu sola: taa huwaka usiku, paneli huzalisha mchana. Idadi ya paneli ipangwe kwa mahitaji ya pampu na ofisi, na paa lisanifiwe tangu mwanzo kubeba kilo 15 hadi 20 zaidi kwa kila mita ya mraba.

Siku ya makabidhiano, wizara zidai michoro ya mabomba yote kama yalivyolazwa, matokeo ya vipimo vya mchanga, vipuri vya pampu, na mafunzo ya mwaka mzima kwa watunza nyasi walioajiriwa.

Wahandisi wa majengo na maji,
Arusha