Barua ya wazi kwa bosi wa Mavericks: tatizo halikua Lakers

Kwako bosi Patrick Dumont,

Salaam kutoka Dar. Hunijui, ila timu yako ya kikapu ya Dallas imeninyima usingizi miaka mingi, mechi zenu nyingi za NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, huku zinaanza usiku wa manane kuelekea alfajiri, afu asubuhi niko kwenye daladala nasinzia.

Ile Jumapili ya tarehe 2 Februari 2025 nilikua na chai mkononi naperuzi simu, nakuta Shams Charania, mwandishi wa habari za NBA, kaandika staa wenu Luka Dončić kaenda Lakers ya Los Angeles. Nikamtumia mshkaji wangu, akajibu "tulia, jamaa kadukuliwa akaunti." Chai ikapoa hapohapo. Kumbe kweli bana, mtu aliyewapeleka fainali 2024 katolewa kwa Anthony Davis, Max Christie na piki moja (haki ya kuchagua mchezaji chipukizi) ya raundi ya kwanza ya 2029. Basi.

Tangu siku hiyo kila kijiwe wimbo ni mmoja, eti mlikosea kumpa mpinzani wa Kanda ya Magharibi, nusu ya ligi mliyopo nyie, angeenda Mashariki yangeisha. Mi nakataa, na naogopa na wewe utaamini hivyo, siku nyingine ukiuza staa uzifungie mlango timu 14 za kanda yako.

Waangalie San Antonio Spurs, majirani zako kabisa wa Texas. 2018 staa wao Kawhi Leonard anataka kuondoka, Lakers wanamtaka, wao wakagoma wakampeleka Toronto, kule Mashariki, wakaambulia DeMar DeRozan, Jakob Poeltl na piki moja yenye masharti. Mwaka uliofuata Toronto wakabeba ubingwa, Kawhi akajitoa kwenye mkataba, jamaa huyoo Clippers, Magharibi ileile waliyokua wanaikwepa! Mwaka mmoja tu ndo wamempumzikia.

Sasa cheki Brooklyn. 2024 wakamtoa Mikal Bridges kwa Knicks, jiji moja, divisheni moja (kikundi cha timu tano ndani ya kanda), na Bridges hakuwa amewahi hata kuitwa All-Star, mechi ya mastaa wa ligi, wakavuta piki tano za raundi ya kwanza. Tano bosi! Utah nao 2022 walimpeleka Rudy Gobert Minnesota, divisheni moja vilevile, wakaondoka na piki nne na kundi la wachezaji. Na mpinzani ukimkamua hivyo, anayebaki hana akiba ni huyohuyo unayekutana nae kila msimu, wa Mashariki ukimkamua inakusaidia nini?

Kwamba Lakers mnakutana nao mara nyingi ndo hoja kubwa ya watu wa vijiweni, haya tuhesabu. Timu ya Mashariki mnacheza nayo mara 2, Lakers mara 3 au 4, kwenye mechi 82. Najua ile mechi ya Aprili 2025 iliuma, Luka analia benchi wakati wa video yake ya kumuaga afu anawatwanga pointi 45 ukumbini kwenu (mi niliacha kuangalia robo ya nne, samahani). Ila mtoano hamkukutana kabisa, nyie Memphis waliwatoa mapema, Lakers wakatolewa na Minnesota.

Kilichowaponza ni siri. Nico Harrison, aliyekua meneja wako mkuu, na Rob Pelinka wa Lakers wakayamaliza wawili, sokoni hakuna anayejua mzigo upo, bei ingepandaje?

Ukabahatika, nafasi ya asilimia 1.8 kwenye bahati nasibu ya piki ya kwanza ya 2025 ikakuletea chipukizi Cooper Flagg. Siku akitaka kuondoka, isifike jamani, piga simu zote 29, San Antonio wakiwemo. Ya Pelinka iwe ya mwisho.

Shabiki wako wa usiku wa manane