Watoto wa Kisumu wapewe washauri karibu na nyumbani

Mhariri,

Sheria ya Afya ya Akili, iliyorekebishwa mwaka 2022, inazitwika serikali za kaunti jukumu la kutoa huduma hizi, lakini hapa Kisumu mtoto wa Nyalenda au Manyatta anayekosa usingizi na kususia chakula huitwa mvivu, au hupelekwa kuombewa, hadi hali inapozidi. Shuleni, mwalimu wa ushauri nasaha mara nyingi ndiye huyo huyo anayefunza Hisabati, na mwanafunzi humsimulia masaibu yake katika ofisi ya walimu huku wengine wakisikia. Nani atafunguka hapo? Naisihi kaunti iajiri washauri waliohitimu katika zahanati za mitaani, na nambari 116, simu ya msaada kwa watoto ambayo mtoto huipiga bila malipo, ibandikwe katika kila darasa.

Mzazi,
Kisumu